Mgonjwa Asisikie Maumivu

"Haiumi!" alisema Katibu Mkuu, na mara hii alipiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Inauma," alisema Sista Generosa.

"Sista, nimeshasema mara saba kwamba haiumi."

"Na mimi nimeshasema mara saba kwamba inauma. Tufanye kazi, au tuendelee kuhesabu?"

Ugomvi huu ulikuwa umeanza saa mbili asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia saa sita. Wajumbe kumi na wawili wa Kamati ya Kipeperushi walikuwa wamekunywa chai mara mbili na kumaliza sambusa zote, lakini hawajavuka sentensi ya kwanza. Sentensi yenyewe ilikuwa swali: "Je, upasuaji wa kupandikiza nywele unauma?" Chini yake iliachwa nafasi ya jibu, na katika nafasi hiyo Katibu Mkuu alikuwa ameandika neno moja, nalo lilikuwa na alama tatu za mshangao.

Niwaeleze kwa ufupi, maana msomaji wa nje anaweza kudhani kwamba sisi ni watu wa mchezo.

Nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa bado liko mbele ya Kamati ya Istilahi, ni nchi ya amani. Kiongozi wetu tunamwita Mlezi. Mlezi hana upara. Hilo nalisema mapema ili tuelewane. Neno upara lilifutwa kwenye kamusi miaka mitatu iliyopita, na mahali pake pakawekwa "paji la uso lililoendelea". Paji la Mlezi limeendelea kuliko la kiongozi yeyote wa ukanda huu. Limepanda, limevuka utosi, limeanza kuteremka upande wa pili, na nywele zilizobaki kisogoni na juu ya masikio zimetangazwa kuwa hifadhi. Tunajivunia. Mwaka juzi gazeti moja liliandika kwamba uwanja wa ndege wa mji mkuu uko wazi na unang'aa baada ya matengenezo. Mhariri alifungwa miezi minne, ingawa mahakamani alileta picha za ndege.

Basi Mlezi, kwa hiari yake na baada ya kuombwa sana, alikubali kupandikizwa nywele kabla ya Sikukuu ya Taifa. Nywele zingetolewa kwenye hifadhi ya nyuma, moja moja pamoja na mizizi yake, zipelekwe mbele. Wananchi tulielewa haraka, maana ndivyo tunavyofanya pia kwa umeme, dawa na barabara.

Daktari aliyejua kazi hiyo alikuwa mmoja tu nchini, Daktari Mwemezi, aliyesomea ng'ambo na kurudi. Muuguzi wa kumsaidia alikuwa Sista Generosa, mwenye stashahada ya uuguzi, miaka kumi na tisa katika chumba cha upasuaji, watoto wanne, na ulimi usiojua vyeo. Ndiyo maana alipewa pia kazi ya kuandika kipeperushi cha kuwaeleza wananchi mambo ya kutarajia, kwa sababu baada ya Mlezi wangefuata watumishi wote wa umma wenye mapaji yaliyoendelea.

"Soma hicho ulichoandika," alisema Katibu Mkuu. "Wajumbe wasikie jinsi unavyotaka kuangusha serikali."

Sista Generosa akasoma kwa sauti ile anayotumia kumwita mgonjwa aliyekaa foleni ya mwisho.

"Kwanza utapigwa sindano za ganzi kuzunguka kichwa chote. Hizi zinauma, hasa za mwanzo, kama kung'atwa na nyigu. Baada ya dakika kama kumi kichwa kinakufa ganzi, na hapo huna shida tena isipokuwa shingo, maana utalala kifudifudi kwa saa nyingi. Siku ya tatu paji la uso linaweza kuvimba mpaka kwenye macho. Kichwa kitatoka magamba na kitawasha. Usikune. Lala umeegemea mito, siyo chali kabisa. Baada ya wiki mbili tatu nywele ulizopandikizwa zitadondoka. Usiogope, mizizi imebaki. Zitaanza kuota tena baada ya miezi mitatu au minne, na utaona matokeo kamili baada ya mwaka."

Mjumbe mmoja alishika kichwa chake mwenyewe.

"Zitadondoka?" aliuliza Katibu Mkuu polepole. "Nywele za Mlezi zitadondoka?"

"Za kila mtu zinadondoka, Mzee. Hazisomi kitambulisho."

"Andika zinakwenda likizo."

"Likizo?"

"Ya malipo. Na hapo uliposema uvimbe, andika paji linazidi kuendelea. Mwaka mmoja, andika muda si mrefu. Magamba..." Alifikiri. "Magamba toa. Na hiyo inauma, andika haiumi. Mlezi mwenyewe ameagiza. Agizo hili hapa."

Akachomoa karatasi yenye mhuri, akaisoma amesimama, na wajumbe wote wakasimama. "Naagiza mgonjwa asisikie maumivu. Asisikie kabisa." Wakakaa.

"Agizo zuri," alisema Sista Generosa. "Ganzi imeagizwa?"

"Ganzi ya nini?"

"Ya kumfanya mgonjwa asisikie maumivu."

Katibu Mkuu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Aliwapungia mkono watu wa ununuzi, nao wakaingiza boksi kubwa, wakalifungua mbele ya kamati. Ndani mlikuwa na vitu vidogo laini vya rangi ya machungwa, viwili viwili, kila jozi ndani ya kifuko chake.

Sista Generosa akachukua kimoja, akakibonyeza. "Hivi ni vizibo vya masikio."

"Jozi elfu sita," alisema Katibu Mkuu. "Vya hali ya juu. Tumevijaribu karibu na jenereta, mtu hasikii kitu."

"Mzee, maumivu yako kichwani."

"Sista, wewe umesoma. Mtu husikia kwa kitu gani?"

"Inategemea anasikia nini."

"Husikia kwa masikio," alisema Katibu Mkuu, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa. "Kamati ya Ununuzi ilikaa siku nne juu ya agizo hili. Mlezi hakusema mgonjwa asiumwe. Hakusema asichomwe. Alisema asisikie. Tumefuata neno kwa neno. Kipeperushi kimeshapelekwa kiwandani tangu jana. Hapa tulikuwa tunakushirikisha tu."

* * *

Nyumbani jioni ile Sista Generosa alimkuta mumewe, Bwana Sadoki, amekaa mbele ya sahani ya ndizi ambayo hajaigusa. Mkononi alikuwa na barua.

Bwana Sadoki alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na jiwe lake la kilo moja, kuona kama kilo ya muuza nyama ni kilo. Alikuwa mtu mpole, hakuna mtu aliyemjua zaidi ya wauza nyama, na paji lake lilikuwa limeendelea tangu akiwa na miaka thelathini bila kumsumbua yeye wala mtu mwingine.

"Mama Koku," alisema, "mimi nimeomba nywele lini?"

Sista Generosa akaichukua barua, akaisoma. Ilianza kwa pongezi. Vichwa vya watumishi wote wa umma vilikuwa vimepimwa kwa utepe, na kichwa cha Bwana Sadoki kilionekana kulingana na cha Mlezi kwa mzunguko, kwa mteremko na kwa ukubwa wa hifadhi. Kwa hiyo ameteuliwa kuwa Kichwa cha Majaribio cha Taifa. Angefanyiwa yeye kwanza, kesho saa tatu asubuhi, ili mkono wa daktari uzoee. Mlezi angefuata saa tano.

"Hukuomba," alisema Sista Generosa. "Umeteuliwa."

"Nikatae?"

"Yule wa Idara ya Misitu alikataa uteuzi. Yuko wapi?"

"Aliteuliwa mahali pengine."

"Na mkewe anampelekea chakula kila Jumapili."

Bwana Sadoki akaisogeza sahani. "Wewe unajua mimi na sindano."

"Najua. Koku alipochanjwa surua, aliyezimia ni baba yake."

"Nilikuwa sijanywa chai."

"Ulikuwa umekunywa vikombe viwili, Baba Koku, na ulimwangukia nesi."

Bwana Sadoki alicheka kidogo, kisha akaacha. Akamtazama mkewe kama anavyotazama mizani ambayo haijakaa sawa. "Niambie kweli. Inauma?"

Hapo Sista Generosa angeweza kujibu kama kipeperushi. Kilikuwa tayari kimebandikwa kwenye nguzo ya umeme nje ya dirisha lao, na jibu lilikuwa na alama tatu za mshangao.

"Ganzi ikiwepo, inauma dakika kumi," alisema. "Isipokuwepo, inauma kutoka unywele wa kwanza mpaka wa mwisho."

"Ziko ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na ganzi ipo?"

"Kula ndizi zako," alisema Sista Generosa. "Kesho mimi niko chumba hichohicho."

* * *

Chumba cha upasuaji kilikuwa kimepakwa rangi upya, na harufu yake ilitosha kumlaza mtu bila dawa. Kulikuwa na vitanda viwili sambamba. Cha kulia kilikuwa cha kawaida. Cha kushoto kilikuwa na zulia chini yake, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa wala kumgusa atakayelala juu yake isipokuwa daktari na muuguzi mwenye stashahada. Hilo lilikuwa limetungiwa sheria ndogo. Nje, barazani, bendi ya polisi ilikuwa inakaza ngoma zake. Mlangoni alisimama askari mwenye maelekezo kwamba hakuna anayetoka mpaka wimbo wa taifa upigwe mwishoni.

Kwenye kona palikuwa na jokofu dogo, na mbele ya jokofu alisimama Katibu Mkuu.

"Humo mna nini?" aliuliza Sista Generosa.

Daktari Mwemezi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Ganzi. Vichupa vitano. Nilivileta mwenyewe kwenye begi langu niliporudi. Wamevichukua, wamevipiga lakiri."

"Ni vya Mlezi," alisema Katibu Mkuu. "Kama tahadhari tu. Siyo kwamba inauma."

"Vinatosha vichwa viwili?"

"Kimoja," alisema daktari. "Kwa kubana."

Bwana Sadoki alikuwa amelala kifudifudi kitanda cha kulia, uso ndani ya tundu la mto, vizibo vya machungwa masikioni. Kisogo chake kilikuwa kimenyolewa. Kutoka nyuma alionekana mtoto mkubwa anayesubiri kuogeshwa.

"Daktari, anza," alisema Katibu Mkuu, akafungua fomu yake. "Unywele wa kwanza."

Daktari alianza.

Sitaeleza sauti aliyotoa Bwana Sadoki. Bendi ilidhani ni ishara, ikaanza kupiga.

Ilichukua muda kuinyamazisha, kisha Katibu Mkuu alimwinamia mgonjwa, akauliza kwa utaratibu uliowekwa: "Mgonjwa, unasikia maumivu?"

"Eti?" alisema Bwana Sadoki kutoka ndani ya mto.

"Unasikia maumivu?"

"Sisikii! Sema kwa nguvu!"

"Hasikii," alisema Katibu Mkuu, akaandika. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyetetea kamati yake na kushinda. "Sisi ndio tuliosikia. Yeye hakusikia kitu. Unywele wa pili."

Wa pili ulikuwa kama wa kwanza. Kufikia wa tano Bwana Sadoki alikuwa ameng'ata mto, na kwenye fomu palikuwa na "hasikii" tano zilizopangwa vizuri. Kufikia wa kumi na mbili alikuwa analia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, na kwenye sahani ya maji ya chumvi zilielea nywele kumi na mbili tu. Wauza nyama wangezipima, jiwe lisingeinuka.

"Daktari, weka chini," alisema Sista Generosa.

"Sista, nina watoto."

"Na huyu ana watoto. Ni walewale wangu. Weka chini."

Daktari akaweka chini. Katibu Mkuu alikuwa anafungua kinywa, lakini mlango ukafunguka kabla yake, na askari akapiga saluti. Mlezi alikuwa amewahi.

Aliingia kwa miguu myepesi, akavua kofia, na wote wakatazama sakafu kama itifaki inavyotaka. Alikuwa mfupi kuliko kwenye noti. Akaitazama sahani, akamtazama Bwana Sadoki, akayatazama mabega yake.

"Huyu ana nini?"

"Furaha, Mheshimiwa," alisema Katibu Mkuu.

Mlezi hakucheka. Alisogea, akashusha sauti kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitamani. "Inauma?"

"Haiumi!" walisema Katibu Mkuu na askari kwa pamoja. Daktari alikohoa.

"Inauma," alisema Sista Generosa.

Askari alimtazama Katibu Mkuu ili aelekezwe. Katibu Mkuu alikuwa anatazama dari.

"Sindano za ganzi zinauma dakika chache," aliendelea Sista Generosa. "Baada ya hapo utahisi mtu anakugusagusa tu, na utachoka shingo. Siku ya tatu utavimba uso. Jumamosi ni siku ya tatu, kwa hiyo usipange picha. Halafu zitadondoka, halafu zitaota. Lakini bila ganzi ni kama huyu. Huyu hana furaha. Huyu ni mume wangu na anaumia."

Mlezi alishika ukingo wa kitanda chake. "Mbona kipeperushi kinasema haiumi?"

"Mheshimiwa," alisema Katibu Mkuu, akiteremka haraka kutoka darini, "kipeperushi ni cha wananchi. Ganzi ni yako."

Uso wa Mlezi ukafunguka kama wa mtu aliyeelezwa siri ya kuendesha nchi, na kwa kweli alikuwa ameelezwa. "Ah," alisema. "Ipo ya kunitosha?"

"Vichupa vitano. Kichwa kimoja kamili."

"Na huyu?"

"Huyu ana vizibo, Mheshimiwa. Agizo lako limetekelezwa kwake kikamilifu."

"Vizuri sana. Basi nami nipeni vizibo." Wote wakashangaa, na Mlezi akainua kidole kama kwenye mikutano ya hadhara. "Nataka ijulikane kwamba niliyowaagizia wananchi niliyatumia mimi mwenyewe. Kiongozi hajitengi. Mpiga picha aitwe."

Mpiga picha akaitwa. Mlezi akapigwa picha akiwa na kizibo kimoja sikioni na kingine mkononi, akitabasamu, na picha hiyo ndiyo mnayoiona leo kwenye ofisi zote. Kisha akaziba la pili, akalala kifudifudi juu ya kitanda chenye zulia, akaingiza uso ndani ya tundu la mto, akatulia. Nje, bendi ikaanza tena, safari hii kwa ruhusa.

Katibu Mkuu alikata lakiri kwa mkono wake. Aliweka vichupa vitano kwenye sinia, akalikabidhi kwa Sista Generosa kwa mikono miwili, huku akiinama kidogo, siyo kwake, kwa sinia.

Sista Generosa alikivunja kichupa cha kwanza, akavuta dawa, akainua sindano kwenye mwanga, akatoa hewa. Kushoto kwake kulikuwa na kichwa kinachong'aa, kimetulia, kinangoja. Kulia kwake kulikuwa na kichwa cha ukubwa uleule, chenye vitundu kumi na viwili, kinachotetemeka. Mlango umefungwa. Nywele elfu mbili mia tisa na themanini na nane zilikuwa bado hazijatolewa, na ganzi ilikuwa ya kichwa kimoja.

Akageukia kulia.

"Sista!" alisema Katibu Mkuu. "Kitanda ni hicho kingine!"

"Nakiona."

"Mheshimiwa!" Katibu Mkuu alipaza sauti. "Mheshimiwa Mlezi!"

Mlezi aliendelea kutulia. Katibu Mkuu alinyoosha mkono kumtikisa bega, akaikumbuka ile sheria ndogo, ambayo aliitunga yeye, na mkono ukabaki hewani. Alimtazama askari. Askari naye alikuwa ameisoma sheria. Walisimama hivyo, wakiita kwa zamu, na bendi ikiwapita kwa sauti.

Sista Generosa aliinama, akachomoa kizibo kutoka sikio la mumewe, akaweka kiganja chake juu ya kisogo chenye jasho.

"Baba Koku, tulia," alisema. "Hii ya kwanza itauma."

Akachoma.